Nyoka Gata: Alishwe au Alazwe?

Oktoba ikiingia, wafugaji wa nyoka gata huko Marekani, Kanada na Ulaya hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huacha kulisha, hupunguza joto kidogo kidogo, kisha humfungia nyoka mahali pa giza na baridi mpaka Januari au Februari. Kundi la pili huacha taa zikiwaka na kuendelea kugawa nyungunyungu na samaki kana kwamba nje hakuna kilichobadilika. Kila upande una ushahidi wake hai: huyu ana nyoka aliyelazwa, akaamka na kuzaa, yule ana nyoka ambaye hajawahi kuonja baridi na bado anadunda. Kila upande pia una nyoka wake waliokufa, ila hao hawatajwi sana.

Ubishi huo huendeshwa kana kwamba kulisha ni somo moja na kupoza ni somo jingine. Ukivisoma vijitabu vya ufugaji, sura ya chakula iko mwanzoni, sura ya baridi iko mwishoni, na hazisalimiani. Mimi naona hapo ndipo matatizo mengi yanapoanzia. Alichokula nyoka mwezi Septemba ndicho kinachoamua kama Desemba itampita salama, na jinsi alivyoipitisha Desemba ndiyo inayoamua kama atakula Machi.

Kwa asiyemfahamu, nyoka gata ni nyoka mwembamba wa jenasi ya Thamnophis, kwa kawaida hafiki urefu wa mita moja, na wengi wana michirizi mitatu ya rangi hafifu inayoshuka mgongoni na ubavuni. Spishi zake zinapita 30, kuanzia Kanada hadi Costa Rica. Hatagi mayai, huzaa watoto hai, mara nyingi kati ya 10 na 40 kwa mzao mmoja. Mate yake yana sumu hafifu ya kumlegeza chura, si ya kumdhuru mtu mzima. Jimbo la Massachusetts limemfanya mtambaazi wake rasmi tangu mwaka 2007. Sisi tuliolelewa na kanuni kwamba nyoka akionekana uani huitiwa fimbo, habari ya kumpimia mlo kwa mizani ya jikoni inachekesha kidogo. Lakini watoto wetu wanaokulia Minneapolis na Toronto humkuta bustanini, humwona kwa majirani na darasani, na siku moja humwomba baba awanunulie. Baba akishakubali, maswali ya Oktoba ni yake.

Tuanze huko anakotoka. Kaskazini mwa Winnipeg, katika jimbo la Manitoba, kuna kijiji cha Narcisse. Ardhi ya hapo imekalia mwamba wa chokaa uliotobolewa na maji kwa muda mrefu mno, na mashimo yake hushuka kupita kina ambacho baridi hugandisha udongo. Makumi ya maelfu ya nyoka gata wenye ubavu mwekundu hupitisha baridi humo. Majira ya joto huwa wametawanyika kwenye mabwawa na majani mabichi, wengine umbali unaozidi kilomita 15, wakila vyura na nyungunyungu. Septemba hurudi. Hukaa siku kadhaa juu ya mashimo wakiota jua, hawali, kisha huzama ndani, na hawaonekani tena mpaka mwishoni mwa Aprili. Juu ya vichwa vyao hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri. Walipo wao ni nyuzi chache tu juu ya sifuri, bila kupanda wala kushuka, wiki baada ya wiki. Maelfu walikuwa wakipondwa na magari wakivuka barabara kuu namba 17 kwenda na kurudi, hata ikabidi kuwekwe vijia chini ya lami na uzio wa kuwaelekeza humo.

Mfugaji ana cha kujifunza pale. Nyoka wa Narcisse huingia shimoni tumbo likiwa tupu. Hukuta baridi iliyotulia. Hukuta pia unyevu, jambo linalosahauliwa kuliko yote. Mtafiti Jon Costanzo, miaka ya 1980, aliwachunguza nyoka gata wa Wisconsin waliopitisha majira ya baridi wakiwa wamezama kabisa majini, wakivuta oksijeni kupitia ngozi. Sasa mlinganishe na nyoka aliyesukumwa gereji ndani ya sanduku kavu siku tatu baada ya kumeza panya, mahali ambapo mchana ni nyuzi 17 na usiku ni nyuzi 4. Mwenye nyoka huyo atakuambia anafuata maumbile.

Halafu si nyoka gata wote wanaotoka Manitoba. Spishi moja tu, Thamnophis sirtalis, imeenea kutoka Florida, ambako majira ya baridi ni kama asubuhi ya Lushoto, hadi Northwest Territories ya Kanada. Ndugu yake mwenye madoa ya mraba, Thamnophis marcianus, anayeuzwa sana madukani, anaanzia nyanda za kati za Marekani, anapita Texas na Mexico, hadi Amerika ya Kati. Yule mzuri kuliko wote, gata wa San Francisco mwenye mistari myekundu na buluu, ambaye kwao analindwa na sheria ya wanyama walio hatarini lakini Ulaya anazalishwa na wafugaji, hutoka pwani ambako siku za jua hata mwezi Januari humtoa nje kuota. Kwa hiyo anayeuliza kama nyoka gata anahitaji baridi aulizwe kwanza: gata gani, na mababu zake walitoka wapi? Muuzaji asiyeweza kujibu hilo ameuza nyoka bila nusu ya maelekezo yake.

Baridi inafanya kazi gani hasa mwilini? Jibu bora linatokana na utafiti wa David Crews, Robert Mason na wenzao, waliowachunguza nyoka wa Manitoba kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Kwa wanyama wengi homoni ya testosteroni ndiyo inayomsukuma dume kumtafuta jike. Kwa nyoka gata mwenye ubavu mwekundu sivyo. Dume anapotoka shimoni Aprili homoni hiyo iko chini, na mbegu alizonazo alizitengeneza majira ya joto yaliyopita, akazihifadhi. Kinachomwasha ni kule kukaa muda mrefu baridini na kisha kupata joto. Hata dume aliyehasiwa, akipitishwa kwenye baridi na kurudishwa jotoni, huchumbia kama wenzake. Hapo ndipo linapotokea lile tukio linalowavuta watalii Narcisse: jike mmoja anatoka shimoni, na kwa dakika chache madume kwa makumi wamemzunguka, wamejisokota kuwa donge moja linalobiringika juu ya mawe.

Kwa hiyo mfugaji anayetaka kuzalisha nyoka wa kaskazini hana njia ya mkato: alaze. Asiyetaka watoto yuko huru zaidi. Gata wengi wameishi miaka mingi vizimbani bila kulazwa hata mara moja, na anayedai kwamba kila gata lazima alazwe la sivyo atakufa mapema anatia chumvi. Lakini kuna nyoka ambao hawasubiri uamuzi wa mwenye nyumba. Novemba inafika, kizimba kina joto lile lile la Julai, taa zinawaka saa zile zile, na nyoka anakataa chakula. Hutokea hasa kwa madume wa asili ya kaskazini. Akiachwa hivyo kwenye nyuzi 28 bila kula, mwili unaendelea kuchoma akiba kwa kasi ya majira ya joto huku hakuna kinachoingia. Nyoka wa namna hiyo hukonda kwa joto, na kumpoza ndiko kunakomhifadhi.

Hapo sasa turudi kwenye chakula, maana huwezi kumlaza nyoka aliyelishwa vibaya miezi kumi ukategemea ule wa kumi na moja uwe salama.

Gata ni mla mchanganyiko kuliko nyoka wengi wa kufugwa. Porini hula nyungunyungu, koa, vyura, viluwiluwi, samaki wadogo, mara moja moja panya. Wadudu hali, mtoto anayempa nyenje atasubiri mpaka achoke. Kwa sababu anapokea vitu vingi, na kwa ulafi, watu humpa kinachopatikana kwa urahisi. Kinachopatikana kwa urahisi katika duka la wanyama ni samaki wa dhahabu na visamaki vya chambo, navyo ndivyo vibaya kuliko vyote.

Sababu yake iligunduliwa kwa mbweha. Miaka ya 1930, kwenye shamba la mfugaji aliyeitwa Chastek huko Minnesota, mbweha wanaofugwa kwa manyoya walianza kupooza na kufa baada ya kulishwa samaki wabichi aina ya karpu. Baadaye ikajulikana kwamba samaki wa aina fulani wana kimeng'enya kiitwacho thiaminesi, ambacho huivunja vitamini B1. Samaki wa dhahabu ni wa jamii hiyo hiyo ya karpu, na wengi wa wale visamaki wa chambo pia. Mlo mmoja hauui. Miezi ya mlo wa namna hiyo huanza kuonekana kwenye shingo: nyoka anatikisa kichwa, anakosea shabaha akitaka kuuma samaki, anajikunja kama uzi uliosokotwa kupita kiasi. Mgeuze chali kwenye kiganja. Mzima hujigeuza papo hapo, mgonjwa hubaki tumbo juu, akijaribu na kushindwa. Daktari wa mifugo akimwahi na sindano za vitamini B1 anaweza kupona vizuri. Akicheleweshwa, degedege humaliza kazi.

Watu wengi hudhani kugandisha samaki kunatatua tatizo. Kugandisha huua vimelea vingi, ndiyo, lakini kimeng'enya hiki hakifi kwenye friza. Huendelea kuila vitamini taratibu hata samaki akiwa ameganda. Kinachokiua ni moto: nyuzi 80 kwa dakika 5. Lakini moto huohuo hupunguza vitamini unayotaka kuiokoa, hivyo njia rahisi ni kuwaacha samaki hao na kuchagua wasio na kimeng'enya hicho. Gapi wanafaa, samoni anafaa, trauti anafaa, na anafaa pia sato. Sato, kwa lugha ya madukani tilapia, ni samaki wa asili ya Afrika. Leo anafugwa sehemu nyingi za dunia, na minofu yake iliyogandishwa iko kwenye friza za maduka ya Marekani. Ndiyo maana nyoka wa Ohio anaweza kuwa anakula jamaa wa samaki wa Ziwa Victoria bila mwenyewe kujua. Tatizo la minofu ni jingine: haina mifupa, kwa hiyo haina kalsiamu ya kutosha. Nyoka anayekula minofu tupu mwaka mzima hunenepa nje huku mifupa ikilegea ndani. Samaki mzima mdogo, na mifupa yake na matumbo yake, anashinda vipande vizuri vya minofu.

Nyungunyungu nao wana hadithi yao. Wale wakubwa wanaouzwa kwa wavuvi ni chakula kizuri, na nyoka wachanga huanzia hapo, wakikatiwa vipande vifupi. Wale wadogo wekundu wa kwenye mboji, Eisenia fetida, waachwe huko huko kwenye mboji: wakiguswa hutoa majimaji yenye harufu kali na kemikali inayodhuru, na nyoka akiwameza huweza kuwatapika na kuugua. Usichimbe pia kwenye bustani iliyopuliziwa dawa.

Vyura na salamanda wa porini sishauri. Vimelea ni sababu tosha, na kwa salamanda kuna zaidi. Pwani ya magharibi ya Marekani yuko salamanda wa jenasi ya Taricha mwenye sumu kali ile ile ya samaki bunju, na baadhi ya nyoka gata wa huko wamejijengea kinga hata wanamla na kuondoka. Baba na mtoto, wote wakiitwa Edmund Brodie, wametumia miongo kuonyesha jinsi nyoka na salamanda hao wanavyokimbizana kwa sumu na kinga, bonde moja hadi jingine. Gata aliyezaliwa kizimbani kutokana na wazazi wa mashariki hana kinga hiyo.

Chakula kilichokamilika kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni panya mdogo aliyenunuliwa akiwa ameganda, akayeyushwa na kupashwa vuguvugu. Ana mifupa, ana ini, ana vitamini B1. Gata wengi mwanzoni hawamtambui kama chakula. Dawa yake ni hila: chukua kitoto cha panya kisichoota manyoya, mpake ute wa nyungunyungu au msugue na kipande cha samoni, kisha mchanganye na vipande vya samaki kwenye kisosi kimoja. Nyoka huongozwa na harufu kuliko macho, atavikomba vyote. Baada ya milo michache punguza harufu. Mkubwa anayekula panya hutosheka na mlo mmoja kwa wiki. Anayekula samaki na nyungunyungu huhitaji miwili, maana chakula hicho hupita upesi na mwenye kizimba atalijua hilo kwa kinyesi. Wachanga walishwe kila baada ya siku mbili au tatu. Wakiwa wengi ndani ya tangi moja, watenganishwe wakati wa kula: wawili wakikamata samaki mmoja kila mmoja kwa upande wake, hakuna anayeachia, na mkubwa huweza kummeza mdogo pamoja na samaki.

Sasa Oktoba. Nyoka husaga chakula kwa joto la nje; upande wa joto wa kizimba ukiwa nyuzi 28 hadi 30, vimeng'enya vya tumbo vinafanya kazi yake. Joto likishuka chini ya 15 kazi hiyo inakaribia kusimama, lakini bakteria walio kwenye nyama iliyomezwa hawasimami. Panya huoza ndani ya nyoka. Tumbo hujaa gesi, nyoka hutapika au hufa, na mwenyewe husema baridi imemuua. Kwa hiyo mlo wa mwisho ukishatolewa, joto libaki palepale kwa wiki mbili, tatu ni bora, mpaka utumbo ujisafishe. Maji yabaki muda wote. Baada ya hapo joto lishushwe kwa muda wa wiki moja au mbili.

Lishushwe hadi wapi? Kwa gata wa kaskazini nyuzi 5 hadi 10. Kwa wa kusini, kama mtu ameamua kuwalaza, 10 hadi 13. Muda ni wiki 8 hadi 12. Hatari kubwa iko katikati, kati ya 15 na 20. Hapo nyoka hana joto la kusaga wala baridi ya kutulia. Anazunguka, anachoma akiba, kinga ya mwili imelegea, na mapafu huwa ya kwanza kulipa. Akianza kupumua mdomo wazi au kutoa mapovu puani, zoezi limekwisha: arudishwe jotoni taratibu na apelekwe kwa daktari. Vyumba vya chini vya nyumba nyingi za Marekani viko katikati hapo hapo.

Ndiyo maana wengi hutumia friji ndogo, ambayo hushika joto moja kuliko gereji yoyote. Sanduku la plastiki lenye matundu, matandazo yenye unyevu kidogo upande mmoja, kibakuli cha maji kisichopinduka, na kipimajoto ambacho kichwa chake kiko ndani ya sanduku, si mlangoni. Mlango ufunguliwe mara kwa mara ili hewa ibadilike. Friji hiyo isiwe ile ya chakula cha nyumbani: watambaazi hubeba salmonela hata wakiwa wazima, na watoto chini ya miaka mitano ndio wanaoumia zaidi. Mikono ioshwe, mjadala uishe.

Nyoka hana kope, hivyo kumtazama hakukuambii kama amelala. Kinachosema ni mizani. Mtie kwenye bakuli lenye mfuniko, toa uzito wa bakuli, andika. Nyoka wa gramu 120 akifika 108 amepoteza sehemu moja ya kumi, na hapo mimi ningemwamsha bila kubishana na kalenda. Aliyelala vizuri hupungua kidogo sana. Aliyekonda kabla ya kulala, mgonjwa, aliyenunuliwa juzi, au mchanga aliyezaliwa Agosti hiyo hiyo asilazwe kabisa. Ni kweli wachanga wa porini hupitia baridi mwaka wao wa kwanza, na wengi hawaioni Aprili.

Kuamsha ni kinyume cha kulaza, kwa mwendo ule ule wa pole. Maji kwanza, joto siku kadhaa, kisha mlo mdogo. Majike kwa kawaida hula upesi. Madume huwapa watu presha: wiki ya pili, ya tatu, bado dume anazunguka kizimba na kupita juu ya samaki kama jiwe. Kabla ya kukimbilia kumlisha kwa nguvu, kumbuka madume wa Narcisse. Wanapokuwa kwenye mashimo wakiwinda majike hawali kabisa. Huanza kula baada ya kuondoka kwenda mabwawani. Dume wako ana dume wa Manitoba ndani yake, na akiwa mnene na mchangamfu mwache. Akijivua gamba na hamu ya majike ikapoa, atakula.

Baada ya yote hayo, msimamo wangu ni kwamba kulaza ni kazi ya mtu anayemjua nyoka wake, wala si wajibu wa kila mwenye gata. Kabla Septemba haijaisha, mfugaji awe na majibu ya maswali manne: asili yake ni wapi, ana gramu ngapi, amekula nini mwaka huu, na je, kuna mahali nyumbani panaposhika nyuzi 10 kwa miezi miwili bila kuyumba? Asiye na majibu hayo mwaka huu aache taa iwake, aendelee kulisha, na ajipange kwa Oktoba ijayo.